Fundi wa Kumbukumbu

Panda basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, kupitia Makambako na Mafinga, uone simu zilizomo mikononi mwa abiria. Nyingi ni za Android, na chini kabisa ya Android hufanya kazi kerneli ya Linux, ileile inayoendesha seva za Intel na kompyuta kubwa za IBM. Sehemu kubwa ya msimbo unaogawa kumbukumbu ni ya wote. Vyuma ndivyo tofauti. Anayerekebisha msimbo huo namheshimu kuliko fundi mwingine yeyote wa kompyuta.

Kisa cha Dirty COW, kasoro ya usalama katika kerneli hiyo, kinaonyesha kwa nini. Ili kubana matumizi ya kumbukumbu, kerneli huziacha programu mbili zitumie ukurasa mmoja, kama wanachuo wawili wanaosoma daftari moja, hadi mmoja atakapotaka kuandika. Hapo hupewa nakala yake. Palikuwa na upenyo mdogo wa wakati. Programu iliyowahi kupenya iliandika kwenye ukurasa wenyewe, hata wa faili iliyoruhusiwa kusomwa tu.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijaribu kuuziba upenyo huo mwaka 2005. Rekebisho lake lilitegemea alama ya "umeandikwa" katika jedwali la kurasa. Kwenye s390, aina ya zile kompyuta kubwa za IBM, alama hiyo haikuwa humo: chuma kiliitunza kando, kwenye ufunguo wa kila ukurasa halisi. Kerneli ikawa inasubiri alama isiyokuja kamwe. Rekebisho likaondolewa.

Kuliondoa kulikuwa haki. Kazi inayoponya mashine moja na kuigandisha nyingine haijaisha, hata kama ile nyingine hujawahi kuiona kwa macho. Aliyekosekana ni mtu wa kurudi kuimaliza. Mwaka 2013 s390 ilianza kutunza alama hiyo kwenye jedwali, lakini upenyo ukabaki. Mtafiti wa usalama Phil Oester aliubaini mwaka 2016 ukiwa tayari unatumiwa na wavamizi, na Oktoba hiyo Torvalds akauziba kwa mistari michache. Simu za Android nazo zilikuwa hatarini. Zile ambazo watengenezaji wake walishaacha kuzitumia masasisho zilibaki hivyo.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hahitaji kumiliki kompyuta ya IBM ili aingie katika ufundi huu. Programu ya QEMU, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, huigiza mashine za aina ya ARM, s390 na RISC-V ndani ya laptopu moja. Aijenge kerneli kwa kila moja, aione ikiwaka, kisha aanze kusoma faili za saraka iitwayo mm, ulimo msimbo wa kumbukumbu.