Tumaini Ndani ya Ngome ya Mashaka

Ni vichache vitabu vilivyoletwa Afrika na wamisheni, ukiiacha Biblia yenyewe, ambavyo vimesomwa sana kama kile cha John Bunyan, Safari ya Msafiri. Kimefasiriwa kwa lugha nyingi za bara letu, na Kiswahili kimo. Leo nataka kukipima kitabu hiki kwa jambo moja tu: je, chamfundisha nini juu ya tumaini mtu aliye gizani? Maana neno hili "tumaini" twalitaja kila Jumapili, walakini ni mara chache twauliza ni kitu gani, na mtu hulipataje.

Kwanza habari za mwandishi. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, huko Uingereza. Hakuwa mwana wa wakubwa. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria, kama baba yake. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri pasipo ruhusa ya serikali, akakaa kifungoni miaka kama 12. Humo gerezani alitengeneza kamba za viatu zipate kuuzwa, mkewe na watoto wapate kula. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilipigwa chapa mwaka 1678. Basi anaponena juu ya giza, kufuli na minyororo, hakubuni akiwa amekaa kivulini. Mlio wa ufunguo wa bawabu aliujua.

Hadithi yenyewe wengi mwaijua. Mkristo anatoka katika Mji wa Maangamizi, mzigo mgongoni, naye anauendea Mji wa Mbinguni. Wahubiri wengi wanapoitumia hadithi hii hurukia mwisho wake: malango ya dhahabu, tarumbeta, mavazi meupe. Kisha humwambia aliyefiwa au aliyepoteza shamba, "Vumilia, mwisho ni mzuri." Neno hilo ni kweli. Lakini nasema ya kuwa wanaosoma hivyo wameacha mahali penye utajiri kuliko pote, napo ni Ngome ya Mashaka.

Yatazameni mambo ya hapo. Mkristo na mwenzake wameona njia ina mawe, miguu inauma, wakapanda uzio na kufuata kijia laini cha kando. Usiku na mvua vikawakuta, wakalala. Asubuhi wakakamatwa na jitu liitwalo Kata-Tamaa, likawafungia shimoni tangu Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku, pasipo mkate, wala maji, wala taa. Siku ya pili likawapiga kwa rungu. Kisha likawashauri wajiue wenyewe, kwa kisu, au kamba, au sumu, kwa maana, likasema, hamtatoka kamwe. Siku nyingine likawaonyesha mifupa ya wasafiri waliowatangulia. Mtu aliyepata kukaa na mashaka mazito atakiri kwamba ndivyo yafanyavyo: kwanza hukuchosha, kisha hukushauri vibaya, mwisho hukuonyesha walioshindwa.

Sasa angalieni yule mwenzake Mkristo. Jina lake ni Tumaini. Bunyan anamwonyesha akifanya kazi gani? Hana ufunguo. Hana neno kubwa la kinabii. Mkristo anapokaribia kukubali kujiua, Tumaini anamjibu kwa maneno madogo kabisa ya akili ya kila siku: Mungu amekataza kuua, tena nani ajuaye, huenda jitu hili likafa, huenda likasahau siku moja kufunga mlango, huenda likashikwa na ule ugonjwa wake wa kulegea viungo. Kisha anamkumbusha mwenzake jinsi alivyosimama imara zamani katika Soko la Ubatili. Basi. Kazi yake ni kumzuia ndugu yake asife usiku huu, na kumkumbusha yale aliyokwisha kuyavuka.

Ndipo Jumamosi usiku wa manane wakaanza kuomba, wakaomba hata karibu na mapambazuko. Mkristo, wala si Tumaini, akashtuka akasema kwamba kifuani mwake mna ufunguo uitwao Ahadi. Ukafungua mlango wa shimo na mlango wa nje. Lango la mwisho la chuma lilikuwa gumu mno, walakini nalo likafunguka.

Hapa ndipo naona hekima ya kitabu hiki. Ufunguo ulikuwamo kifuani siku zote zile za kipigo, na mwenye ufunguo hakuukumbuka. Kama angalikuwa peke yake, angalikufa nao mfukoni. Tumaini kwa Bunyan si furaha ya moyo wa mtu mmoja. Ni rafiki atembeaye, mwenye kukuweka hai mpaka uikumbuke ahadi uliyokwisha kupewa. Naye huyo rafiki alitoka wapi? Alikuwa mtu wa Soko la Ubatili, akageuka kwa kuona jinsi Mkristo na Mwaminifu walivyoyapokea mateso yao, na Mwaminifu akauawa. Maana yake ni kwamba tumaini huzaliwa pale mtu mmoja anaposimama imara mbele ya macho ya mwingine.

Sisi wa Buha tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Wazee wa Kibondo na Kasulu walihamishwa na serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1930 kwa ajili ya malale, wakaacha mashamba na makaburi yao. Vijana walikwenda manamba katika mkonge wa Tanga na Morogoro, wengine wasirudi. Katika miaka ya 1970 kaya zikahamishwa tena kuingia katika vijiji vya ujamaa. Na giza la jirani zetu limepita milangoni petu. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia nchi yao. Wengi waliingia Kibondo na Kasulu, na wengine Ngara. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikawaleta watu wa Kivu ya Kusini kwa njia ya Ziwa Tanganyika, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwaka 2015 machafuko yakarudi Burundi. Nyarugusu ikafurika watu zaidi ya laki moja, hata kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka ule ule.

Katika kambi zile watu walisimamisha makanisa ya miti na maturubai, wakaunda kwaya kabla hawajajua watakaa muda gani. Mtu wa mbali aweza kusema, hao walijisahaulisha shida kwa kuimba. Bunyan angalisema vingine. Mwanakwaya aliyemfuata mwenzake hemani, akamtoa aje mazoezini siku ambayo hakutaka kuinuka, huyo alifanya kazi ile ile ya Tumaini shimoni. Hakuwa na ufunguo wa kumrudisha kwao. Alimlinda usiku ule tu, na asubuhi ikafika.

Jambo la pili la kusifiwa ni mambo ya mtoni. Kitabu kina mto usio na daraja, nao ni mauti. Mkristo anaanza kuzama, giza linamjia, na Tumaini anakishika kichwa chake kisiende chini ya maji. Baada yao anakuja mtu mmoja, Ujinga, naye anavuka kwa urahisi, wala hakulowa sana, kwa kuwa amevushwa na mwenye mashua aitwaye Tumaini-Bure. Walakini langoni anakataliwa. Mko hapo matumaini mawili katika mto mmoja: moja linalowa pamoja nawe, na jingine lakuvusha mkavu. Msomaji aliyeziona siku hizi zetu hatakosa kumtambua mwenye mashua. Ndiye ahubiriye ya kuwa mwenye imani haugui, hafilisiki, wala halii. Ndiye auzaye maji na mafuta ya miujiza kwa mjane ambaye hana karo ya mtoto wake. Alama ya kumjua ni hii: nguo zake hazijalowa.

Hata hivyo si haki kusifu tu. Kitabu kina makosa yake. Kosa la kwanza ni kuharakisha. Maombi ya usiku kucha Bunyan anayapitia kwa maneno machache sana, na ufunguo unatokea ghafula. Msomaji mwepesi aweza kudhani kwamba ahadi ya Mungu ni kama hirizi, ukiitaja tu kufuli linaanguka. Mwalimu akisomapo hapo na asimame, awaambie wasikilizaji kwamba kabla ya ule ufunguo palikuwa na siku nne za njaa na saa nyingi za magoti.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na kwa watu wetu ni kikwazo. Mkristo anapotoka mjini anawaacha mkewe na watoto wake, anaziba masikio kwa vidole, anakimbia. Mwaambieni habari hiyo mama aliyetoka Burundi, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, naye atawauliza, "Huyo alikimbia nini?" Najua ni mfano, na maana yake ni kwamba hapana mtu awezaye kuamini kwa niaba ya mwenzake. Lakini mfano ukiumiza, hapana budi kusema kwamba unaumiza. Tena la ajabu ni kwamba Bunyan mwenyewe hakuwa mtu wa namna hiyo: katika habari za maisha yake aeleza jinsi kuachana na jamaa zake kwa ajili ya kifungo kulivyomtesa, hasa kwa ajili ya binti yake aliyekuwa kipofu.

Naona aliijua kasoro hiyo, kwa kuwa mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili. Humo mke wa Mkristo anasafiri pamoja na watoto wake, na njiani wanaongezeka wanyonge: mwenye akili dhaifu, na kiwete mwenye magongo. Wanapofika kwenye ngome ile ile hawapiti mbali. Kiongozi wao, Moyo-Mkuu, analiua lile jitu, na ngome inabomolewa siku saba. Shimoni anatolewa mzee mmoja aliyekaribia kufa kwa njaa, na binti yake. Kisha kiwete anamshika mkono yule binti, wanacheza ngoma, gongo moja mkononi. Mkristo na Tumaini walipoponyoka waliweza tu kusimamisha nguzo yenye maandishi ya kuwaonya wapitao. Kundi lililosafiri pamoja ndilo lililoibomoa ngome.

Kwa hiyo shauri langu kwa walimu na wazee wa kanisa ni hili: msiisome sehemu ya kwanza mkaiacha ya pili. Ya kwanza yafundisha jinsi mtu asivyokufa gizani. Ya pili yafundisha jinsi kijiji kitokavyo. Nawe msomaji uliye na amani leo, usingoje kupewa neno kubwa la kumwambia jirani aliyefungiwa na Kata-Tamaa. Nenda ukakae naye, umkumbushe mto aliokwisha kuuvuka. Ufunguo huenda anao yeye.