Picha za Watakatifu Mbele ya Watoto

Kitabu cha picha husomwa kwa macho ya mtoto na kwa kinywa cha mkubwa aliyekaa naye. Kwa hiyo kitabu cha Tomie dePaola wa Marekani, “Christopher: The Holy Giant”, kilichotoka mwaka 1994, nitakipima pamoja na maneno tunayoyasema tukikifungua.

Kisa ni cha kale, nacho kilienea Ulaya kwa maandiko ya Jacobus de Voragine katika karne ya 13. Mtu mwenye nguvu atafuta mfalme mkuu kuliko wote apate kumtumikia. Mwisho avusha wasafiri mtoni, na mtoto mmoja amlemea mabegani: kumbe ndiye Kristo. Picha zapendeza, na fundisho laingia moyoni bila kuhubiriwa. Ila mfasiri asiseme “jitu”, maana jitu la ngano zetu hula watu. “Pandikizi la mtu” lafaa zaidi.

Shida yangu ni nyingine. Nalikisoma darasani, na siku ya pili nikawaonyesha watoto picha za Mtakatifu Kizito. Mara zote mbili nalianza, “Paukwa!” nao wakaitika, “Pakawa!” Msichana mmoja akauliza, “Mwalimu, na huyu ni wa hadithi?”

Swali hilo lalinichoma. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake mwaka 1964. Katika habari za Kristofa, yaliyo hakika ni machache sana. Ndiyo maana mwaka 1969 sikukuu yake iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima, ikaachiwa mahali mahali, wala yeye hakuvuliwa utakatifu.

Picha haiwezi kusema tofauti hiyo. Mto wa Kristofa na moto wa Kizito huchorwa kwa rangi zile zile. Ni juu yetu kuisema. Tusiwanyime watoto kisa cha mto, lakini “Paukwa” tumwachie Kristofa. Kwa Kizito tuanze na mwaka na mahali, mtoto ajue kwamba damu ile ilimwagika kweli. Akikosa kujua hivyo, siku atakapoacha kusadiki ngano, atawaacha na mashahidi pamoja nazo.