Nani Alimpikia Uji?

Kitabu cha Jan Morris, Conundrum, kilinifikia hapa Bura kimefungwa kwa gazeti kama mkate. Aliyeniazima ana miaka 52. Mtaani wote tunamwita mzee, naye huitika. Alikuwa amekunja kona ya ukurasa mmoja tu.

Ni ukurasa wa sindano. Morris ndiye mwandishi wa Uingereza aliyeliletea gazeti la The Times habari kwamba Everest imepandwa, mwaka 1953. Mwaka 1972, akiwa na miaka 45, alisafiri hadi Casablanca, kwenye kliniki ya daktari Georges Burou, ili mwili wake ufanane na mwanamke aliyejijua kuwa tangu utotoni. Kwao madaktari walimwekea sharti: kwanza ampe talaka mkewe Elizabeth. Akakataa kuanzia hapo.

Anadungwa sindano ya kwanza, na badala ya kulala anainuka, anapepesuka hadi kwenye kioo kumuaga yule mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo. Anamkonyeza. Nje, mchuuzi anapuliza filimbi barabarani. Kisha usingizi wa nusukaputi. Ni mistari michache, na kwangu ndiyo bora ya kitabu kizima, maana haibishani na mtu. Kijana wa miaka 20 angekimbilia upande wa pili bila kugeuka. Mtu mzima anajua anachokiacha: ndoa ya tangu 1949, watoto, jina lililo juu ya vitabu vyake. (Kiswahili kinanifaa hapa, hakina yeye wa kiume na yeye wa kike. Kinakwama tu kwenye kuoa na kuolewa. Hawa wawili waliposajili tena uhusiano wao kisheria mwaka 2008, nani alimwoa nani? Sema walioana, yaishe.)

Halafu anaamka gizani, na hapo ndipo nina ugomvi naye. Furaha inafika haraka mno. Mwaka juzi nilimuuguza mama Garissa baada ya upasuaji wa tumbo. Ana miaka 58, na nusukaputi haikumtoka kama taa inavyowashwa. Siku mbili nzima aliniita kwa jina la kaka yake. Alitapika. Nilipomshika kumpeleka chooni aliona aibu, akaniambia niangalie ukuta. Mwili wa makamo hupona polepole, na haujiponyi wenyewe: kuna anayebadilisha shuka, kuna anayekiona kidonda. Morris anatuambia Elizabeth alimpokea nyumbani kana kwamba hakuna kubwa lililotokea. Sentensi nzuri, ina mapenzi ndani yake. Lakini kwani shuka zilijifua? Mtu aliyeuandikia mji wa Venice kitabu kizima, hapa ana haraka ya nini?

Nilipomrudishia mzee kitabu chake nilidhani tutaongea juu ya kioo. Wapi.

"Aliporudi," akauliza, "nani alimpikia uji?"

Nikasema nadhani ni Elizabeth.

"Casablanca ni sawa, hakuna anayekujua. Lakini si lazima urudi? Huku ukilala wiki mbili, mji mzima unakuja kukujulia hali." Alikuwa anakifunga tena kwa gazeti, polepole, kona kwa kona. "Wanainua shuka."