"Mkondo" Si "Volteji": Kasoro za Tafsiri Moja ya Ufundi

Hivi karibuni tumepata kusoma kijitabu cha kutafuta hitilafu za umeme katika baiskeli ya umeme, kilichofasiriwa kwa Kiswahili na kufungwa pamoja na baiskeli yenyewe. Juhudi hiyo yastahili pongezi, maana fundi ana haki ya kuelezwa kazi yake kwa lugha anayoijua. Sarufi ya kijitabu ni safi, na maneno kama betri, chaja, fyuzi na mota yametumiwa bila kusitasita. Kasoro yake imo katika istilahi, nayo si ndogo.

Hatua ya kwanza yamtaka fundi "apime mkondo wa betri" na kuona kama unafika 36. Namba hiyo yadhihirisha kwamba kilichokusudiwa ni volteji. Betri ya lithiamu ya volti 36 kwa kawaida huwa na seli 10 zilizofuatana. Ikijaa husoma volti 42 hivi, na ikikaribia kwisha husoma kama 30. Mkondo ni jambo jingine: ni kadiri ya umeme upitao katika waya kwa muda fulani, nao hupimwa kwa ampea. Fundi mtiifu atakayeiweka mita yake kwenye ampea, kisha akagusisha ncha mbili za betri, atakuwa amepiga shoti kwa mkono wake mwenyewe. Akibahatika, itaungua fyuzi ya mita. Asipobahatika, ataungua yeye.

Kosa la pili ni maneno "waya mbovu", yanayotumika kwa hitilafu mbili zilizo kinyume. Penye shoti, umeme hupita usipopaswa kupita, na fyuzi huungua. Penye waya uliokatika, umeme haupiti kabisa, na fyuzi hubaki nzima. Anayeambiwa "waya mbovu" hajui aanzie wapi. Mafundi wetu wamekwisha kuzitenganisha hali hizo zamani: moja huiita shoti, na ya pili husema waya umekatika. Mfasiri angewasikiliza tu.

Tatu, taa zikiwaka lakini mota isizunguke, kijitabu chaagiza "kagua breki". Kumbe kinachotajwa ni swichi ndogo iliyomo katika mkono wa breki, ambayo huizima mota breki inapokamatwa. Swichi hiyo ikikwama, mota haizunguki hata betri ikiwa imejaa. Kwa agizo lile, fundi atabadili raba za breki na kukaza nyaya zake siku nzima, na mwenye baiskeli atalipa gharama isiyo na faida.

Huenda msomaji akasema kwamba fundi hodari hasomi karatasi, bali hutazama na kunusa. Ni kweli. Lakini kijitabu hakikuandikwa kwa ajili ya hodari. Kiliandikwa kwa mwanafunzi wa ufundi na kwa mwenye baiskeli aliye mbali na mji. Hao hawana la kutegemea ila neno lililoandikwa.

Hatuna nia ya kumlaumu mfasiri peke yake. Nchini Tanzania fizikia ya sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, na hivyo mtu aweza kuijua vema tofauti ya volteji na mkondo bila kupata kuitamka kwa Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Lakini sisi tulio katika kazi ya istilahi mara nyingi huridhika neno likisha kuingia katika orodha, tusiulize kama limefika karakana.

Kwa maoni yetu, yafaa "umeme" libaki kuwa jina la jumla, na kila kipimo kiitwe kwa jina lake: volteji kwa volti, mkondo kwa ampea, ukinzani kwa omu. "Shoti" lisionewe haya kwa kuwa ni la mtaani. Tena, kabla ya kuchapwa, kila tafsiri ya namna hii hapana budi apewe fundi mwenye mita mkononi, naye aifuate neno kwa neno mbele ya mfasiri, betri ikiwa haijaunganishwa bado. Pale atakaposita, ndipo penye istilahi ya kurekebishwa.