Ulimi na Tundu: Juu ya Lugha ya Miongozo ya Useremala

1. Suala

Miongoni mwa aina za maandishi ambazo uhakiki wa Kiswahili umezipita bila kuzitazama, mwongozo wa ufundi hushika nafasi ya mbele. Riwaya, tamthilia na ushairi vimetungiwa makala chungu nzima. Bali kitabu kinachomwonyesha kijana namna ya kuunga mbao mbili zisiachane huhesabiwa kuwa zana tu, sawa na nyundo, na zana haihakikiwi. Walakini mwongozo ni utungo kamili. Una msemaji na msemeshwaji, una mpango wake na mtindo wake. Na kosa lake hujitokeza upesi kuliko kosa la riwaya, kwa maana mlango hulegea na droo hukataa kufunguka.

Nchini Kongo suala hili lina uzito wa pekee. Katika miji kama Lubumbashi na Bukavu, fundi humweleza mwanafunzi wake kazi kwa Kiswahili, ilhali kitabu cha shule ya ufundi huandikwa kwa Kifaransa. Kijana husikia kazi kwa lugha moja na kuulizwa mtihani kwa lugha nyingine. Wapo wanaosema kwamba mwongozo wa Kiswahili hauwezekani kwa sababu maneno hayapo. Wapo pia wanaojibu kwa kutunga orodha ndefu za istilahi. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja: zinadhani kwamba mwongozo hujengwa kwa majina. Ili kulithibitisha dai hilo, yafaa kuanza na kitabu ambacho kwa majina hakijapata mshindani.

2. Roubo na waliomtangulia

Kati ya mwaka 1769 na 1775 kilitolewa mjini Paris, kwa sehemu mbalimbali, kitabu L'Art du menuisier cha André Jacob Roubo (1739-1791). Kilikuwa katika mfululizo wa vitabu vya sanaa na kazi za mikono uliosimamiwa na Akademia ya Kifalme ya Sayansi. Roubo alikuwa mwana wa seremala, na alipotoa sehemu ya kwanza alijitambulisha kama fundi wa kuajiriwa, si fundi mkuu. Alikuwa pia amefundishwa na msanifu wa majengo Jacques-François Blondel. Kwa hiyo mkono ulioshika randa ndio uliochora michoro.

Umuhimu wa jambo hilo huonekana mtu akimkumbuka Diderot. Katika tangazo la Encyclopédie la mwaka 1750, Diderot alilalamika kwamba kati ya mafundi elfu moja ni vigumu kupata kumi na wawili wawezao kueleza waziwazi zana wanazozitumia. Mwaka uliofuata, katika makala yake juu ya neno Art, aliongeza kwamba lugha ya ufundi ina kasoro mbili: upungufu wa maneno mahususi na wingi wa visawe. Roubo alikuwa jibu kwa lawama ya kwanza. Ni fundi aliyeweza kusema.

Mwingereza Joseph Moxon alikuwa ametangulia kwa karibu miaka mia. Tangu mwaka 1678 alitoa mjini London vijitabu vya mfululizo vilivyoitwa Mechanick Exercises, na sehemu mojawapo ilihusu kuunga mbao. Moxon hakuwa seremala bali mpiga chapa na mtengenezaji wa ramani na tufe, na michoro yake ya zana inafuata kwa sehemu kubwa ile ya Mfaransa Félibien ya mwaka 1676. Hata hivyo alikiri jambo ambalo miongozo mingi hulificha: kwamba werevu wa mkono haufundishwi kwa maneno, bali hupatikana kwa mazoezi tu.

3. Mizani mitatu

Mwongozo wa ufundi hupimwa kwa mizani mitatu: kutaja, kupanga na kutoa sababu.

Katika kutaja, Roubo hana wa kumkaribia. Hutenganisha kazi ambazo Kiswahili huzikusanya katika neno moja seremala: mjenzi wa mapaa, mtengenezaji wa milango na madirisha, mtengenezaji wa viti na vitanda, na mpambaji wa samani za thamani. Kila kiungo kina jina na kila jina lina mchoro. Katika kutoa sababu pia anasimama imara, kwani humweleza msomaji tabia ya mti kabla ya kumwambia aukate.

Ni katika kupanga ndipo anapomtupa mwanafunzi. Kitabu chake kinafuata mpangilio wa vitu, si mpangilio wa siku za kazi. Msomaji hukutana na umbo la kiungo kilichokamilika kabla hajaonyeshwa kosa atakalolifanya kesho asubuhi. Tena vilikuwa vitabu vikubwa vya bei ghali, vilivyofaa maktaba ya bwana mpenda elimu kuliko meza ya karakana. Msemeshwaji wa Roubo ni mtu anayetaka kuijua kazi. Siye anayetaka kuifanya. Hii si lawama kwa Akademia, ambayo haikutaka zaidi ya hayo. Ni onyo kwa yeyote anayedhani kwamba kukitafsiri kitabu cha namna hiyo ni kumpa kijana mwongozo.

4. Kiungo kimoja

Mfano mmoja utalieleza jambo hili vyema: kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyopunguzwa unene ili ichomekwe katika shimo la mwingine. Ndicho kiungo cha mlango, cha dirisha na cha mguu wa meza.

Kanuni ya kawaida ni kwamba ulimi uwe karibu theluthi moja ya unene wa ubao: ubao wa milimita 45 hupewa ulimi wa milimita 15. Mwongozo unaoishia hapo umetoa amri tu. Sababu ni kwamba ulimi ukinenepa, kuta za tundu hukonda na kupasuka. Ukikonda, ulimi wenyewe hukatika. Mwanafunzi aliyeambiwa theluthi ataijua theluthi. Aliyeambiwa sababu atajua la kufanya siku asipokuwa na patasi ya milimita 15. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika karakana methali hii yafaa igeuzwe: asiyeambiwa maana hatajua.

Vivyo hivyo katika mfuatano. Tundu hutobolewa kwanza, ulimi hufuata. Kwa nini? Kwa sababu upana wa tundu huamuliwa na juba, ile patasi nene ya kutobolea, nao haubadiliki. Bali ulimi waweza kupunguzwa kidogo kidogo hadi ukubaliwe. Mahati, chombo cha kuchorea mstari sambamba na ukingo, hukazwa mara moja na kutumika kwa mbao zote mbili kabla ya kulegezwa, tena daima kutoka uso uleule wa ubao. Anayeyavunja masharti haya haoni kosa lake papo hapo. Huliona saa mbili baadaye, fremu inapokataa kulala sawasawa.

Kisha huja mambo ambayo mwongozo wa Paris hauwezi kuyasema kwa niaba ya Katanga. Ubao hupanuka na kusinyaa sana kwa upana wake, yaani kukata nyuzi, na kidogo mno kwa urefu wake. Ndiyo maana paneli ya mlango huachwa huru ndani ya mfuo wa fremu, bila gundi. Mjini Lubumbashi, ambako ukavu wa Mei hadi Septemba hufuatwa na mvua za Novemba hadi Machi, paneli iliyobanwa mwezi wa Agosti itaisukuma fremu mwezi wa Januari mpaka viungo viachane. Mwongozo wa mahali hapa ungelitaja hilo katika ukurasa wa kwanza, ukitaja pia mninga, unaoitwa mulombwa katika Katanga, badala ya mwaloni wa Ufaransa.

5. Amri na kauli nyingine

Johannes Fabian, katika kitabu Language and Colonial Power cha mwaka 1986, alionyesha jinsi misamiati na miongozo ya Kiswahili iliyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa Kongo ya kikoloni ilivyoelemea upande wa kuamuru. Lugha ilipunguzwa ikawa leta, chukua, fanya. Urithi huo haujatoweka. Mtu anapotunga maelezo ya kazi kwa Kiswahili, kalamu yake hukimbilia amri, kana kwamba msomaji ni kibarua na si mwanafunzi.

Sarufi ya Kiswahili inatoa njia nyingi zaidi. Kiambishi hu- hufaa kueleza tabia ya kudumu ya mti na chuma. Dhamira tegemezi, pamoja na kabla na hadi, hufaa kupanga hatua. Lakini hazina kubwa ya mwongozo ni viambishi -ki- na -sipo-, kwa maana hubeba dalili na tiba yake: ulimi ukiingia bila kushikwa na kuta, gundi haitauokoa, usipoingia hata nusu kwa msukumo wa mkono, usipigwe nyundo bali upunguzwe. Hapa ndipo ungamo la Moxon linapopata mpaka wake. Ni kweli kwamba kitabu hakiwezi kumpa mtu mkono wa fundi. Chaweza hata hivyo kumpa macho ya kulitambua kosa lake akiwa peke yake, na hiyo si zawadi ndogo.

6. Maneno yapo wapi?

Hoja ya ukosefu wa maneno haina mashiko. Mahali ambapo kazi ilistawi, Kiswahili kilitaja. Waunda jahazi wa pwani wana mkuku na taruma, na kitenzi kukalafati; wachonga milango wana kizingiti na mfaa. Zaidi ya majina, vitenzi vyenyewe vimejengwa kwa kuunga na kuungua viungo, ikiwa neno hilo la pili laweza kukubaliwa kwa mzaha: chomeka na chomoa, pachika na pachua, shikamana, fungamana. Kitenzi fungamana chasema kwa neno moja yale ambayo Kifaransa huyasema kwa fungu la maneno: hali ya vitu viwili vinavyoshikana kwa umbo lake kila kimoja.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kasoro ya pili ya Diderot, wingi wa visawe. Kiungo ambacho ulimi wake hupanuka kuelekea nchani, ili droo ivutwapo isiachane na uso wake, Wafaransa hukiita mkia wa mbayuwayu, na Waingereza mkia wa njiwa. Mfasiri wa Lubumbashi atachukua ndege mmoja, mfasiri wa Nairobi mwingine, na mwanafunzi wa Goma anayesoma vitabu vyote viwili atadhani kuna viungo viwili. Tenon, mortaise na rabot zikisikika katika karakana, hakuna dhambi; yafaa mwongozo uyataje maneno hayo mara moja kando ya ulimi, tundu na randa, kisha ushike jina moja mpaka mwisho.

7. Hitimisho

Kitabu cha Roubo chathibitisha kwamba fundi anaweza kuandika, na kwamba kutaja kwa ukamilifu hakutoshi kufundisha. Mwongozo wa Kiswahili unaosubiriwa nchini Kongo hautazaliwa na kamati ya istilahi peke yake, wala na mfasiri aliye mbali na vumbi la mbao. Utaanzia penye meza ya kazi: mtu wa lugha ameketi na daftari, fundi akitoboa tundu na kusema afanyalo, na kila hatua ikiulizwa kwa nini. Kisha maandishi yapewe kijana ambaye hajawahi kushika juba, naye aachwe peke yake na mbao mbili. Kiungo chake kikishika, utungo umefaulu. Kikilegea, sentensi iliyokilegeza itafutwe na kuandikwa upya.