Ziwa Moja, Masomo Mawili: Tahakiki ya Ufundishaji wa Uraia na Jiografia katika Mazingira ya Ikola, Mkoani Katavi

Kata ya Ikola iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Kabla mkoa huo haujaanzishwa mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mpaka wa nchi hizo mbili unapita majini. Tahakiki hii inadai kwamba mihutasari ya kidato cha kwanza na cha pili iliyotokana na mtaala wa mwaka 2005 iliyatenga mno masomo ya Uraia na Jiografia. Kwa hiyo ilimnyima mwanafunzi wa mahali kama Ikola nyenzo za kuyaelewa masuala mawili yanayoyagusa maisha yake, yaani nani ana mamlaka juu ya ziwa na nani ni raia.

Katika Jiografia, ziwa hutajwa kama umbo la uso wa dunia. Mwanafunzi hujifunza kwamba liko katika Bonde la Ufa na kwamba kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal. Maarifa hayo ni sahihi na yana thamani. Hata hivyo, ziwa hilo linamilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na nchi hizo zilitia saini mkataba wa usimamizi wake endelevu jijini Dar es Salaam mwaka 2003. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisitishwa ziwani ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Kwa kaya inayotegemea dagaa na migebuka, agizo hilo lilikuwa na uzito kuliko sura nyingi za kitabu. Sababu zake ni za kijiografia, lakini uhalali wake ni wa kiraia. Mwanafunzi anayefundishwa upande mmoja tu ataliona katazo kama adhabu, au atalitii bila kujua ni wapi raia anaweza kulihoji.

Suala la uraia lina uzito uo huo. Mada ya uraia hueleza aina zake kwa kufuata Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, yaani kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Mara nyingi mada hiyo huishia kwenye orodha ya kukariri, sambamba na alama za taifa. Lakini katika wilaya hiyo hiyo yamo makazi ya Mishamo, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Mwaka 2014 zaidi ya watu 150,000 wa asili hiyo, wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu, walipata uraia kwa tajnisi. Kwa watoto wa familia hizo na majirani zao, neno "tajnisi" si istilahi ya mtihani, kwani linaamua kama mwenzake wa dawati atamwita Mtanzania au mgeni. Ufundishaji unaopita juu ya historia hiyo huyaacha maneno ya mitaani yafanye kazi ya mwalimu.

Ipo hoja pinzani ambayo haistahili kupuuzwa. Katika miaka ya 1950 shule za kati za Tanganyika zilipewa mwelekeo wa kilimo kwa madai ya kulingana na mazingira ya mtoto. Wazazi wengi walizipinga kwa kuwa waliona watoto wao wanafungiwa kijijini. Mtaala wa taifa na mtihani mmoja humlinda mtoto wa Ikola dhidi ya hatari hiyo, kwani humpa haki ya kujua yale anayoyajua mtoto wa Dar es Salaam. Hoja hii ina nguvu, lakini inapinga kumpunguzia mtoto maarifa, haipingi kumwanzishia maarifa pale alipo. Anayeanza na mpaka ulio ziwani anaweza kufika kwenye sheria ya kimataifa, ilhali anayeanza na fasili hufika mara chache kwenye ziwa lake.

Kikwazo kingine ni lugha. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba hukutana na mada hizo kwa Kiingereza katika kidato cha kwanza, wakati hasa zinapohitaji mjadala. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoanza Januari 2024, hufundishwa kwa Kiswahili, na kwa upande huo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, lugha pekee haitaunganisha kilichotengwa iwapo upimaji utaendelea kutunuku kumbukumbu.

Kwa hiyo udhaifu unaohakikiwa hapa hautibiwi kwa kuongeza somo jipya. Unahitaji maswali ya upimaji endelevu yanayomtaka mwanafunzi aeleze tukio moja la eneo lake kwa ramani na kwa sheria pamoja. Usitishaji wa uvuvi wa mwaka 2024 ni mfano unaotosha kuanzia: samaki gani walilindwa, nani aliagiza, kwa mamlaka gani, na mvuvi aliyeathirika alikuwa na haki ya kudai nini.