Mwili wa Mnyakyusa Mbele ya Kamera

Mwaka 1902 Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la wakoloni wa Kijerumani, alichapisha huko Berlin kitabu cha vipimo vya miili ya watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mwaka 1906 kikafuata kingine kikubwa zaidi, chenye picha nyingi nyeusi na nyeupe. Humo wamo wazee wetu wa Rungwe, Wakonde kama Wajerumani walivyowaita.

Kada mmoja kijana alishauri picha za namna hiyo ziondolewe darasani, kwa kuwa watu wake wamevaa kidogo. Sikukubaliana naye. Aibu ya uchi tuliletewa. Swali la msingi ni nani anamtazama nani, na kwa faida ya nani. Mtu amesimamishwa akabili kamera, kisha ageuke ubavu, mikono imening'inia, jina hana. Ndivyo mzigo unavyokaguliwa bandarini. Dola iliyopima vichwa ndiyo iliyotangaza kodi ya kibanda mwaka 1897.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikwenda mbele zaidi. Waliishi na watu, wakajifunza lugha, wakawaona katika kazi na katika misiba. Hata hivyo walitegemea sana makarani na wakalimani Wanyakyusa kama Leonard Mwaisumo, na mchango wa wasaidizi hao ulielezwa kwa kirefu katika kitabu cha Andrew Bank na Leslie Bank mwaka 2013 tu. Tangu 1951, kilipotoka kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji vya marika, ni miaka 62!

Wapo wanaodai kwamba kosa ni la weusi na weupe wenyewe. Hapana. Picha isiyo na rangi humfaa sana mwanadamu: huonyesha mshipa wa mkono wa mkulima, jasho begani, mkunjo wa shingo. Lakini kipimo cha mwanga hakina akili. Kikisoma ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi, uso wake hutoka kama lami, na mvivu husema ndivyo alivyo. Mpiga picha anayemheshimu mtu hupima mwanga usoni, au humsogeza kwenye kivuli cha migomba. Mawingu ya Tukuyu ni msaada mkubwa. Mwanga wake ni laini.

Nijikosoe pia. Niliwahi kuwapiga picha wachumaji wa chai nikiwa juu ya mteremko. Niliona mistari mizuri ya mgongo, kapu na majani, nikajiona fundi. Nilipowapelekea picha, mama mmoja aliigeuza huku na huku, kisha akaniuliza: "Mwalimu, makapu nimeyaona. Sisi tuko wapi?"

Safari ya pili nilishuka bondeni, nikaanza kwa kuuliza majina.